Mguu kwa Niaba ya Mheshimiwa

Nchi ninayoisimulia haipo. Na kama ipo, mimi siijui. Na kama naijua, siku hiyo sikuwa zamu. Naomba hilo liandikwe mwanzo kabisa, maana watu wa nchi hiyo wakisikia habari mbaya hawamtafuti aliyeitenda, wanamtafuta aliyeisema.

Mimi naitwa Chande. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mlinzi wa maegesho ya Duka Kuu katika mji mkuu. Si mtu wa ugomvi, muulize yeyote. Ukitaka kujua nimevunja miguu mingapi maishani, nitakujibu bila kupepesa: ishirini na minne, yote ya kushoto, yote kwa barua yenye mhuri. Wa ishirini na tano ndio ulionileta hapa nilipo, na huo nao ulikuwa halali isipokuwa kasoro moja ndogo ya kiofisi.

Mbele ya mlango wa Duka Kuu palikuwa na nafasi mbili za gari zilizopakwa rangi ya buluu. Ya kwanza ilichorwa kiti cha magurudumu, na hapo ndipo ulipoanzia mteremko wa saruji wa kupandia dukani. Ya pili ilichorwa mama na kigari cha mtoto. Kila siku ya Mungu, saa nne asubuhi, nafasi ya kwanza ilikaliwa na shangingi jeusi la Mheshimiwa Daktari Fumbuka Kalumbete. Mheshimiwa alikuwa mzima kama ng'ombe wa maziwa. Alikuwa pia Waziri wa Ustawi wa Wasiojiweza, kwa hiyo tulichukulia kwamba ule mchoro ni nembo ya wizara yake.

Nilikuwa namfungulia mlango mwenyewe. "Shikamoo Mheshimiwa. Yule kijana wangu, Hatibu, ana leseni ya udereva, hana kazi."

"Andika jina," alikuwa akisema bila kunitazama.

Nililiandika mara kumi na moja. Hatibu ana miaka ishirini na mitatu, mwanangu wa pekee, winga wa kushoto wa timu ya mtaa. Mguu ule wa kushoto, jamani! Watu walikuwa wanaacha misiba kuja kuutazama. Lakini mguu haulishi mtu, nilimwambia, tafuta kazi ya Serikali ukalie kiti.

*

Matatizo yote aliyaleta Bi Tunu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti.

Bi Tunu ni fundi cherehani. Miguu yake ilikauka kwa polio utotoni, na anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono. Mikono hiyo akikushika shati, huondoki. Kila Ijumaa alikuja kununua uzi, akakuta shangingi limeziba mteremko, akabaki chini anapiga kelele kuelekea mlangoni.

"Niletee damu ya mzee!"

Muuza duka akamletea nyekundu.

"Damu ya mzee nimesema! Hii ni nyanya!"

Akaletewa ya waridi. Akaletewa ya chungwa. Miezi minane mwanamke yule alishona sare za kwaya kwa uzi wa rangi za ajabu, mpaka kwaya ikakimbia.

"Dada, rangi si ni rangi tu?" nilimwambia siku moja kwa upole.

"Na wewe Chande mlinzi si ni mlinzi tu? Mbona hatukumweka mbuzi?" Akatema mate pembeni. "Nataka nipande pale juu, nichague uzi kwa macho yangu. Basi. Sijaomba uwaziri."

Akaandika barua. Akaipeleka kwa Waziri anayehusika na wasiojiweza, yaani kwa mwenye shangingi.

*

Hapa lazima nieleze desturi moja, la sivyo utadhani watu wa nchi ile walikuwa wakatili. Hapana. Walikuwa na utaratibu.

Katika nchi ile mkubwa haendi mahali mwenyewe. Ukimwalika harusini anamtuma katibu, katibu anamtuma karani, karani anasimama na karatasi na kusoma: "Mheshimiwa anasikitika kutofika, na anasema pilau ilikuwa tamu." Karatasi hiyo imeandikwa juzi yake. Kwenye misiba wawakilishi wanalia kwa niaba. Nilimwona kwa macho yangu bwana mmoja akizimia kaburini kwa niaba ya Mkuu wa Mkoa, akamwagiwa maji, akazinduka, akauliza kama waandishi wa habari wamepiga picha. Na kisheria alichofanya mwakilishi kimefanywa na mkubwa. Akila, mkubwa kashiba.

Kwa hiyo barua ya Bi Tunu ilipojadiliwa, hakuna aliyeona ugumu. Baada ya wiki tatu zikatoka Kanuni za Uwakilishi wa Ulemavu. Kwanza, ni marufuku kabisa mtu asiye mlemavu kuegesha kwenye nafasi ya walemavu. Tulipiga makofi, hata Bi Tunu alipiga. Pili, kiongozi anaruhusiwa kuwa mlemavu kupitia kwa mwakilishi. Tatu, mwakilishi huyo atakuwa dereva wake, kwa kuwa tayari yumo garini. Nne, mguu utakaohusika ni wa kushoto, kwa sababu magari ya Serikali ni otomatiki na mguu wa kushoto hauna kazi ndani yake.

Mimi nikapandishwa cheo kuwa Mthibitishaji Daraja la Tatu. Nilipewa semina ya siku mbili, aproni ya plastiki, na nyundo yenye nembo ya Taifa kwenye mpini. Nyundo ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli, na kila ilipotoka ilitakiwa isainiwe kwenye daftari. Daftari hilo lilikuwa na kurasa mia mbili. Hapo ndipo nilipojua Serikali imejipanga.

*

Wa kwanza alikuwa Idrisa, dereva wa Mheshimiwa Kalumbete. Mtu mpole, kila asubuhi tulikuwa tunagawana chapati. Alikuja na barua yake, akalala juu ya lami kwenye mchoro wa kile kiti cha magurudumu, akaniangalia.

"Mzee Chande, tafadhali usipige goti."

"Kanuni inasema chini ya goti, mdogo wangu. Ondoa shaka."

Nikapiga. Mara ya kwanza sikupiga vizuri, sikuzoea, ikabidi nirudie mara tatu. Ule mlio wa kwanza ulinikera sana, nakumbuka nilikunja uso. Idrisa aling'ata mkanda wake wa suruali mpaka jino likabaki kwenye ngozi. Damu ikaingia ndani ya rangi ya buluu na muuza duka akalalamika kwamba mteja anaweza kuteleza. Bwana wa vyeti, ofisa aliyetumwa na wizara kukagua na kutoa vyeti vya ulemavu, akapima kwa rula mahali mfupa ulipotokeza, akagonga mhuri: *Mheshimiwa Daktari F. Kalumbete, mlemavu, miezi sita.*

Mheshimiwa alikuwa amekaa garini muda wote, anaongea na simu. Baadaye alishuka, akapanda ngazi mbilimbili, akanunua jibini.

Habari zikaenea, na wakubwa wote wakataka cheti. Nilivunja madereva wa mawaziri, wa majaji, dereva wa Askofu mmoja ambaye alikuja na kwaya. Mmoja alikimbia, akafukuzwa na walinzi wake mwenyewe, wakamrudisha wakimburuta kwa kola, na alipofika alikuwa tayari amevunjika mkono na mbavu mbili. Ilibidi nivunje na mguu, kwa sababu mkono haumo kwenye Kanuni.

Kwenye nafasi ya kina mama na watoto wachanga mambo yalikuwa yale yale. Katibu Mkuu, ambaye watoto wake wote wanasoma ng'ambo, alikuja na tarishi wake wa miaka hamsini na sita amevalishwa nepi na kofia ya sufu. Kanuni zilitaka mtoto alie wakati wa uhakiki. Tarishi alikuwa na aibu, halii. Katibu Mkuu akamfinya. Akamzaba kofi. Akamzaba la pili lililomtoa meno ya bandia, na hapo akalia kweli kweli, akiwataja wajukuu zake kwa majina. Bwana wa vyeti akaandika kwamba mtoto hana meno, na hivyo anastahili.

*

Bi Tunu naye alikuja kuomba cheti chake. Alipanga foleni kwa saa tano juani, nyuma ya madereva waliokuwa wanatetemeka.

"Unamwakilisha nani?" akauliza bwana wa vyeti.

"Najiwakilisha mwenyewe."

"Hilo halimo. Mguu umevunjwa na Mthibitishaji gani?"

"Miguu ilikauka kwa polio nikiwa na miaka minne."

"Polio haina mhuri, mama."

Bi Tunu akamvuta tai kwa ule mkono wake, akamgongesha paji la uso mezani mara mbili kabla walinzi hawajamfikia. Wakampiga virungu, wakapindua baiskeli na kumwacha chini. Nilimsaidia kuinuka baada ya wao kuondoka. Kabla ya hapo nisingeweza, nilikuwa kazini. Alikuwa anavuja damu sikioni.

"Chande," aliniambia, "wewe una mtoto?"

"Nina kijana. Nimemwombea kazi wizarani."

Akaiinua baiskeli yake, akaipanda, akaondoka bila kuniaga. Mimi nilidhani amefurahi kwa ajili yangu.

*

Sasa, mfupa una kasoro moja: unapona. Cheti kilikuwa cha miezi sita, na kila baada ya miezi sita kilitakiwa kuhuishwa. Idrisa nilimhuisha mara mbili. Mara ya pili mguu uliingia usaha, ukawa mweusi, hospitali wakaukata juu ya goti.

Ungefikiri basi, mambo yamekwisha, Mheshimiwa sasa ni mlemavu wa kudumu. Hata mimi nilienda kumpa Idrisa pole na hongera kwa pamoja. Lakini bwana wa vyeti alikataa. "Mguu haupo. Tutakagua nini?" Cheti cha Mheshimiwa kikafutwa, na Idrisa akaachishwa kazi kwa kosa la kupoteza mali ya uwakilishi. Akaanza kuuza karanga pale pale getini, amekaa juu ya ndoo.

Wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu. Jina nililoliandika mara kumi na moja lilikuwa limeonekana. Hatibu bin Chande amepata kazi: dereva wa Waziri, aripoti Jumatatu, na sherehe ya uthibitisho itafanyika Ijumaa mbele ya Duka Kuu.

Niliruka, wallahi. Nilirudi nyumbani na soda. Mke wangu alikuwa anachambua mchele.

"Mama Hatibu, mwanao amepata kazi ya Serikali!"

"Kazi gani?"

"Udereva. Kwa Mheshimiwa Kalumbete."

Ungo ukaanguka. Mchele wote chini. Alinitazama mikono, si uso. Hatibu alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya mpira begani, naye pia alikuwa ananitazama mikono. Hapo ndipo akili yangu, ambayo miaka yote hiyo ilikuwa zamu, ikashtuka.

"Kuna watu wengine wanaoweza kumvunja," nilisema. "Naweza kuomba ruhusa."

"Akikataa kazi?" mke wangu akauliza.

"Aliyeteuliwa hakatai. Ni uhaini."

"Basi sikiliza, Chande." Aliongea taratibu kabisa. "Mwanangu akirudi anachechemea, wewe usirudi."

Niliandika barua ya kuomba ruhusa. Ilijibiwa siku hiyo hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya nchi ile: ruhusa imekataliwa, kwa kuwa baba kumthibitisha mwanawe kutaonyesha taifa mfano wa uzalendo, na televisheni itakuwepo.

*

Ijumaa ilifika. Maturubai, spika, ngoma, kapeti jekundu mpaka kwenye mchoro wa kiti cha magurudumu. Bi Tunu alikuwepo na baiskeli yake, nyuma ya kamba, jicho moja bado limevimba. Na kwa sababu ya televisheni, Mheshimiwa alikuja mwenyewe. Watu walimshangaa. Wengine walidhani ni mwakilishi aliyefanana naye.

Getini Idrisa aliniita. Nikainama.

"Mzee Chande, mwambie kijana alegeze mguu. Akikaza, unapasuka vibaya." Akanipa karanga mkononi. "Na umpe kitu cha kung'ata. Mkanda haufai, chukua kitambaa."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningeweza. Nilizishika zile karanga sijui pa kuziweka, zikaanza kunidondoka moja moja.

Mheshimiwa na Hatibu walikalishwa kwenye benchi moja, kama televisheni ilivyotaka, miguu imenyooshwa mbele juu ya kigoda. Hatibu alikuwa na jasho mpaka kwenye kope. Mheshimiwa alisimama kwanza, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kuna wanaosema viongozi tunajipendelea. Uongo! Leo mnaniona niko tayari kuwa mlemavu kwa mara ya nne! Huyu kijana na mimi si watu wawili. Ni kitu kimoja! Mguu wake ni mguu wangu! Maumivu yake ni maumivu yangu! Atakayemgusa yeye amenigusa mimi, na atakayenigusa mimi amemgusa yeye! Huo ndio uwakilishi, na ndiyo sheria!"

Makofi. Ngoma. Akakaa tena, akanyoosha miguu yake kando ya ile ya mwanangu. Soksi zake zilikuwa za hariri. Akanyanyua kidole kuashiria kwamba niendelee.

Nilifungua sanduku, nikachukua nyundo. Hatibu akafumba macho. "Baba," alisema, sauti ndogo ya zamani. "Baba, fanya haraka."

Mimi ni mtu wa kutii, muulize yeyote. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, kwenye spika, Waziri akitafsiri sheria. Miguu minne ilikuwa mbele yangu, miwili ya kushoto, na yote miwili kisheria ilikuwa mmoja. Nikachagua uliokuwa karibu.

"Kwa niaba ya mwanangu!" nikasema, nikapiga.

Mimi nilikuwa nimeshapata uzoefu. Pigo moja tu, chini ya goti, mfupa ukatoka kwenye hariri. Mheshimiwa hakung'ata chochote. Alipiga ukelele ambao spika ziliusambaza mpaka stendi. Nikampiga la pili, hilo nakiri halikuwa la kisheria, lilikuwa la Idrisa. Na la tatu la tarishi.

"Kimbia!" nilimwambia Hatibu.

Loo, alikimbia! Alipita kushoto, akamkwepa mlinzi wa kwanza, akampiga chenga wa pili akaenda kuangukia ngoma, akaruka kamba, akapotea sokoni. Watu walishangilia kama fainali. Walinzi wakanirudia mimi. Kirungu cha kwanza kilinitoa meno mawili, cha pili sikuhesabu, kiatu kikanipasua nyusi, na nyundo yangu mwenyewe yenye nembo ya Taifa ikanivunja vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja.

Nikiwa chini niliona kwa jicho moja. Umati ulikata kamba, ukalishika shangingi, ukalisukuma, ukalipindua likalala kwa ubavu katikati ya barabara. Vioo vikamwagika. Mteremko ukabaki wazi. Bi Tunu akaushika usukani wake wa mikono, akapanda taratibu, bila kuangalia nyuma, akaingia dukani. Alikaa mle ndani saa nzima na nje watu wanauana. Alipotoka alikuwa na kibunda kimoja cha uzi, damu ya mzee hasa.

*

Kesi yangu ilisikilizwa na mwakilishi wa hakimu. Nilijitetea kwamba sikumvunja Waziri mguu; nilimthibitisha dereva, naye Waziri akampokelea kwa niaba. Korti ilikaa siku nane kuijadili hoja hiyo, maana wakisema nimekosea, basi Kanuni zimekosea, na vyeti vyote ni batili.

Hukumu ilisomwa na karani. Pigo la kwanza lilikuwa halali kabisa, kwa hiyo Hatibu hakukataa kazi. Hata hivyo mshtakiwa alitoa nyundo ya Serikali kwenye sanduku bila kusaini daftari. Miaka sita.

Nimeandika barua kuomba mwakilishi anifungie hiyo miaka. Bado sijajibiwa.

Hatibu huja kunitazama mara moja kwa mwezi. Ndiye aliyeniambia kwamba Kalumbete si waziri tena, na kwamba juzi alikwenda Duka Kuu kwa magongo. Kwenye nafasi ya buluu alikuta shangingi la waziri mpya. Akamwonyesha bwana wa vyeti mguu wake uliopinda. Bwana wa vyeti akautazama, akafungua kitabu, akamuuliza anamwakilisha nani. Alilia pale pale, Hatibu anasema, na aliyemsukumia ndoo akalie ni Idrisa.

Nikamuuliza Hatibu dereva wa waziri mpya ni nani, na nani sasa anashika nyundo. Alisema mama yake ananisalimia.

Siku za wageni tunasubiri kwenye ukumbi mrefu, mlango uko mwisho kabisa. Wenzangu wakisikia majina yao huinua nyuso. Mimi nasikia, "Shikamoo baba," inatoka mbali, na kabla sijaitikia huwa naangalia chini, nione anavyotembea.